Tumbo la Jumapili usiku: uzi kuhusu watoto wenye wasiwasi na sonona

SistaWaZamu

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya afya ya akili, hospitali ya wilaya. Wilaya gani si muhimu. Nimefungua uzi huu kwa sababu watoto wengi wanatufikia wakiwa wameshazungushwa sana. Mama anakuja na bahasha imejaa: majibu ya mkojo, choo, damu, Widal, ultrasaundi. Mtoto ana miaka tisa au kumi, ameshatibiwa UTI, ameshatibiwa taifodi, ameshameza dawa za minyoo, na tumbo bado linamuuma. Unamuuliza mama, linauma lini hasa? Anawaza kidogo. Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi ndiyo balaa. Likizo je? Likizo alikuwa mzima, alishinda juu ya miembe na binamu zake.

Kabla hamjasema anadeka: tumbo hilo linauma kweli. Mtu akiingiwa na hofu mwili unajiweka tayari kukimbia. Moyo unadunda, pumzi zinakuwa fupi, damu inapungua tumboni na kwenda kwenye misuli, utumbo unasokota. Wewe na mimi tutasema "jambo hili linaninyima usingizi". Mtoto wa darasa la tatu hana maneno hayo. Anasema kile anachokisikia, na anachokisikia ni tumbo.

Sisemi msipime. Pimeni, vizuri, mara moja. Mtoto anayepungua uzito, anayeamshwa usingizini na maumivu, mwenye homa, anayetapika au mwenye damu kwenye choo, huyo aonwe na daktari wa kawaida kwanza. Upungufu wa damu unaweza kumchosha mtoto mpaka ukadhani ana huzuni, na asiyeona ubao vizuri lazima aichukie shule. Ila hicho kipimo cha Widal kikisimama peke yake msikiamini sana. Penye taifodi mwaka mzima, watu wengi wazima kabisa wakipimwa wataambiwa wanayo. Mtoto akitibiwa taifodi kila muhula, mtu mmoja hapo aulize swali jingine.

Sonona sasa, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wengi tunasubiri machozi. Mtoto analeta hasira. Anamjibu vibaya bibi, anavunja vitu, anagombana na mdogo wake kwa sababu ya kijiko. Aliyekuwa wa kwanza uwanjani sasa amelala saa tisa mchana. Chakula anakichezea. Mwalimu anasema "amekuwa mvivu". Hali hiyo ikidumu wiki mbili na kuendelea, karibu kila siku, nyumbani na shuleni pia, usiiite utundu wala balehe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa madarasa yetu ya watoto sabini, fanyeni hesabu wenyewe.

Karibuni kwa maswali. Nipo zamu ya usiku wiki hii, kukiwa kimya nitajibu.

MzeeWaKijiwe

Sista tunakuheshimu, lakini haya mambo ya kizungu yatatuharibia watoto. Sisi tulikuwa na tumbo la Jumatatu, baba akichukua fimbo tumbo linapona kabla hajakufikia. Na tumekua, tuna familia, tunalipa kodi. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai.

SistaWaZamu

Mzee wangu shikamoo. Fimbo inaondoa *malalamiko*, hilo nakubali. Mtoto anajifunza kunyamaza. Hofu yenyewe inabaki, na sasa ina jambo la pili la kuogopa, ambalo ni wewe.

Halafu wale tuliosoma nao walioacha shule darasa la nne, wakawa wanajificha mtoni mpaka wenzao watoke, hawapo humu jukwaani kutuambia fimbo iliwafaa vipi.

Na hata shuleni kanuni zetu hapa Tanzania hazisemi kila mwalimu achape anavyotaka: mkuu wa shule achape mwenyewe au aidhinishe, viboko visizidi vinne, viandikwe kitabuni. Ulizeni shule ya mwanao hicho kitabu kiko wapi. Kenya walishafuta viboko shuleni tangu 2001. Mara nyingi mtoto anayeumwa tumbo Jumatatu ana sababu yenye jina na kipindi kwenye ratiba, na sababu hiyo ni mwalimu wa hesabu. Hapo mzazi aende shule akazungumze. Usianze kumtibu mtoto uoga wa kitu ambacho kinastahili kuogopwa.

MamaWawili

Dada mimi wangu tofauti kidogo. Ana miaka sita, nyumbani ni redio, anaimba, anamtania baba yake. Shuleni haongei. Kabisa. Mwalimu aliniita akaniuliza kama mtoto ni bubu. Muhula mzima hajaomba hata ruhusa ya kwenda chooni, anajibana mpaka anajikojolea. Mama mkwe anasema nilimkatisha maziwa mapema. Nimpeleke wapi?

SistaWaZamu

Mama Wawili, hilo tunalijua na lina utaratibu wake. Si bubu, si kiburi, na maziwa hayahusiki (msalimie mama mkwe). Ni wasiwasi unaofunga koo mahali fulani na kuliacha wazi mahali pengine. Kwanza apimwe masikio, tuwe na uhakika. Pili mwalimu aache kumsimamisha mbele ya darasa, na aache kusema "leo utaongea au hutoki hapa". Kadiri macho yanavyomkodolea ndivyo koo linavyozidi kufunga.

Lakini na wewe usiwe mdomo wake. Jirani akimuuliza "hujambo?" usikimbilie kujibu. Hesabu kimyakimya mpaka tano. Akitikisa kichwa, pokea.

Halafu panda ngazi pamoja naye. Mwombe mwalimu uingie darasani jioni wenzake wakishatoka, mcheze humo wawili tu, aongee na wewe ndani ya chumba kile. Siku nyingine mwalimu apite mlangoni asiseme kitu. Nyingine akae pembeni akisahihisha madaftari. Baadaye rafiki mmoja, mchezo wa kadi ambao lazima mtu ataje rangi. Kwa choo, kwa sasa apewe kadi ya kuonyesha. Mkipanda mkakwama, rudini hatua moja, msirudi chini kabisa. Inachukua miezi. Msaada mtaupata kwa mwanasaikolojia au kliniki ya watoto hospitali ya rufaa ya mkoa.

Niseme jambo hapa ambalo ningependa hata asiyesoma mengine alisome. Wasiwasi wa mtoto unakua kila anapoondolewa kwenye kitu kinachomtisha. Leo analia, unamwacha nyumbani, tumbo linapona saa tatu asubuhi. Ubongo wake umejifunza: shule ilikuwa hatari kweli, na nyumbani ndiko kumeniokoa. Kesho atalia zaidi. Ni kama deni la dukani, kila siku unayokwepa kupita pale linazidi. Kwa hiyo kumtupa majini hakufai, na kumfungia ndani kwa huruma hakufai. Kinachofaa ni kumsogeza karibu na kile anachokiogopa, kidogo kidogo, huku umesimama naye.

Na kazi kubwa hapo ni ya mzazi. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2020 utafiti wa watoto 124 wenye wasiwasi. Kundi moja watoto walipata tiba ya mazungumzo wenyewe. Kundi la pili wazazi ndio walifundishwa, mtoto hakukaa na mtaalamu hata kidogo. Matokeo yakalingana. Walichofundishwa wazazi ni mambo mawili: kumwambia mtoto "naona unaogopa, na najua utaweza", halafu kupunguza taratibu yale wanayofanya ili asiogope. Kulala naye kila usiku akiwa na miaka kumi na moja. Kujibu swali "mama utakufa?" mara ishirini kwa siku. Mnayajua wenyewe.

MatroniMstaafu

Nimesoma nikaona nichangie, nimekaa bwenini miaka mingi na watoto wa watu.

Serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, wazazi wengi walilalamika. Mimi nilishukuru. Nimepokea mtoto wa miaka mitano ana begi kubwa kuliko yeye, mama anamwambia "nakwenda kununua soda narudi". Harudi. Yule mtoto atakuja kumwamini nani tena? Kama unamwacha, muage. Alie mbele yako, umkumbatie, umwambie siku ya kutembelewa ni ipi, uondoke. Kilio cha kuagana kinaisha. Kilio cha kutorokwa nimekiona kinageuka kukojoa kitandani mpaka darasa la saba.

Na hapo kwenye kukojoa: wanaficha shuka chini ya godoro, wanalala kwenye maji, asubuhi wananuka, wenzao wanawapa majina. Shule zingine mtoto anasimamishwa mstarini na godoro lake kichwani. Huyo unategemea asome nini siku hiyo?

Wageni wanaolia wiki ya kwanza sikuwa nawahofia sana. Niliwaangalia wale wasiolia, ambao mwezi wa pili wanaanza kugawa uji wao, wanakaa peke yao nyuma ya kamba za kuanikia nguo, siku ya wageni hawaulizi kama wazazi wamefika. Hao nilikuwa nawatafutia kazi ya kufanya na mimi. Kuchambua mchele, kuhesabu shuka. Mtoto akiwa na kazi mkononi na humwangalii usoni, anaongea.

MkaziWaMuleba

Matroni umenikumbusha kwetu. Wengi humu wamesikia habari za "ugonjwa wa kucheka" wa Kashasha wakadhani ni kichekesho. Ulianza tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana hapa kwetu Kagera. Wanafunzi watatu wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha, wakafuatia wengine: kucheka, kulia, kukimbia huku na huku. Walifika 95 kati ya wanafunzi 159. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, mabinti wakarudishwa makwao, na huko vijijini ukaendelea, Nshamba na kwingineko. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu na chakula, wakaandika mwaka 1963: hakuna sumu, hakuna kirusi.

Wazee wetu wana maelezo yao. Mimi nilivyoelewa, ni wasichana waliokuwa wamebanwa, bweni, nidhamu kali, nchi ndiyo kwanza imepata uhuru kila mtu anategemea makubwa kutoka kwao, na hawakuwa na ruhusa ya kusema "tumechoka". Hakuna aliyecheka kwa furaha pale.

SistaWaZamu

Asante sana Mkazi. Na bado tunayo. Kila baada ya muda unasikia shule fulani wasichana wanaanguka, wanapiga kelele, wanaitiwa wachungaji na mashehe, uwanja mzima unakusanyika kutazama. Umati ndio unaoeneza. Aliyeanguka atolewe taratibu, apelekwe chumba tulivu na mtu mmoja anayemwamini, wengine warudi darasani. Halafu siku zinazofuata mtu aulize kwa upole kinachoendelea shuleni: mitihani, njaa, mwalimu anayewasumbua wasichana. Mara nyingi jibu lipo.

BintiWaKibokoni

Assalaam aleikum. Huku kwetu Mombasa mtoto akibadilika tu, jambo la kwanza ni kisomo. Si kwamba wazazi hawapendi hospitali, lakini wataanza na maalim, wakitoka hapo pengine mganga, hospitali ni mwisho. Wewe wasemaje, tuwakataze?

SistaWaZamu

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi sikatazi dua, na mgonjwa akija na mchungaji au shehe wake namkaribisha kiti. Mtoto anayesomewa na watu wanaompenda, wameweka mkono kichwani, wanamwombea kheri, anapata kitu pale. Mipaka yangu ni hii: asipigwe ili "kitu" kitoke, asinyimwe chakula, asifungwe kamba, asichanjwe, na asiambiwe yeye ndiye aliyefungua mlango wa shetani. Mtoto mwenye sonona tayari anaamini ana kosa. Ukimwongezea hilo unammaliza. Na akisomewa leo, hospitali iwe wiki hii hii. Foleni hizi mbili zinaweza kwenda pamoja.

MwalimuWaUshauri

Niko Kenya, shule ya upili. Naongezea kidogo kwa sababu watu hudhani bila daktari bingwa hakuna la kufanya, na mabingwa wenyewe ni wachache, wengi wamekaa mijini.

Kuna utafiti wa Shamiri, mpango wa kusaidia vijana wenye shida kama hizi, uliofanyiwa hapa kwetu, ukachapishwa 2021. Wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, ni vijana waliotoka tu kumaliza sekondari, wakafunzwa. Vikao vinne vya kikundi, kimoja kwa wiki, kuhusu mtu kuweza kubadilika, kushukuru, na kujua anathamini nini. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata vile vikao. Na kwa watoto waliofiwa na wazazi, kulikuwa na kazi nyingine kubwa Bungoma na Moshi, ambako watu wa kawaida wa pale pale walifunzwa kukaa na vikundi vya watoto na walezi wao na kuwasaidia kuzungumzia msiba.

Hilo la mwisho lanigusa. Kwetu mtoto akifiwa anapelekwa kwa jirani mpaka mazishi yaishe, halafu anaambiwa mama "amesafiri". Anangoja. Miaka miwili baadaye anafeli, na hakuna anayeunganisha.

MzeeWaKijiwe

Mimi bado sijashawishika na hizo tafiti. Ila hilo la msiba ni kweli. Mambo ya "amesafiri" yaachwe.

Nipo_Muscat

Samahani naandika usiku, kazi zangu zinaisha saa sita. Nipo Oman, kazi za ndani. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, yuko na bibi yake Singida. Alikuwa anacheza netiboli ya shule, ameacha. Alama zimeshuka. Nikipiga simu anajibu "sawa", "sijui", "ongea na bibi". Nilimtumia simu mpya na viatu, hakusema hata asante. Bibi anasema ana jeuri tu, achapwe. Nikisoma alichoandika sista kuhusu hasira nimeshindwa kulala.

SistaWaZamu

Mama yangu, pole, na hongera kwa kazi unayofanya kwa ajili yake. Siwezi kumpima mtu kupitia uzi, lakini hayo uliyoorodhesha yanatosha kumfanya mtu achukue hatua sasa hivi.

Anza na simu. Chagua siku na saa, utakazoweza kweli kulingana na bosi wako, hata kama ni dakika kumi mara mbili kwa wiki. Usiahidi zaidi ya hapo. Mtoto wa mzazi aliye mbali anachoka kungoja kuliko anavyochoka kukosa. Usianze na "shule vipi", hilo ni swali la mkaguzi. Mwambie ulichokula, uliyemwona, nyimbo gani imekukera. Akikaa kimya, kaa naye kimya, usikate. Na umwambie waziwazi: "Najua niliondoka. Unaruhusiwa kunikasirikia. Mimi sitakasirika." Ukilia kidogo si dhambi, ila asiachiwe yeye kazi ya kukubembeleza.

Pili, nina swali gumu. Mabadiliko ya ghafla kwa binti wa umri huo, ambaye mama yake hayupo, lazima tuulize kama kuna mtu anamgusa au anamtisha. Mjomba, mpangaji, dereva wa boda anayempeleka shule, mwalimu. Sisemi ipo. Nasema iulizwe, na mtu anayemwamini, faraghani, bila bibi kuwa karibu. Kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bure, Tanzania na Kenya zote. Anaweza kupiga mwenyewe. Wewe ukiwa nje mwombe ndugu unayemwamini apige au aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ofisi hiyo watu wanaidhania ni ya kesi za matunzo tu. Hili pia ni lao.

Tatu, netiboli. Mtu mwenye sonona akisubiri ajisikie vizuri ndipo atoke, hatatoka. Bibi asimwambie "nenda kacheze". Amtume dukani na mtoto wa jirani. Kesho wamwagilie mchicha pamoja. Vitu vidogo, vya kila siku, vya mwili, na jua limpige. Alale saa ileile kila siku. Simu mpya ikae kwa bibi usiku.

Na bibi usimkaripie. Mwambie "mama, mtoto anaumwa", neno hilo bibi zetu wanalielewa kuliko semina nzima.

Konda_Mstaarabu

Sista swali la uoga kidogo. Wa dada yangu, kidato cha kwanza, aliandika kwenye daftari "bora nisingekuwepo". Dada kaificha ile karatasi, anasema tukimuuliza ndiyo tutamtia wazo. Ni kweli?

SistaWaZamu

Si kweli, na hili naomba lisambae. Kumuuliza hakumtii wazo. Analo tayari, na anabaki nalo peke yake. Muulizeni leo, mtu mmoja, mahali patulivu, kwa maneno ya kawaida: "Nimeona ulichoandika. Sijakasirika. Je, huwa unawaza kufa? Unawaza kujiua?" Halafu nyamaza usikilize. Usimwambie ana kila kitu, usimtajie watoto wasio na chakula, usimwambie ni dhambi. Akisema ndiyo, muulize kama amewaza atafanyaje na lini.

Akiwa na mpango, hospitali siku hiyo hiyo, dharura, saa yoyote, na asiachwe peke yake hata dakika. Hata asipokuwa na mpango, kliniki ndani ya siku chache. Nyumbani fungieni dawa zote za binadamu na za mifugo, viuatilifu, sumu ya panya. Fungieni kwa kufuli, kuficha juu ya kabati hakutoshi. Wazo la kujiua mara nyingi linakuja kwa wimbi na kushuka. Kama hakuna kitu cha hatari mkononi, muda unakuwa upande wenu.

Wengine hawaji wakiogopa polisi. Kwa ndugu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kwa kila mtu, popote alipo: mtoto kwanza afike hospitali akiwa hai.

DukaLaDawa_Kona

Naomba kuuliza kama mtu wa dawa. Wazazi wanakuja wanataka kitu cha "kumtuliza". Wengine wanamnywesha dawa ya mafua mtoto ili alale. Mnawapa nini huko kliniki?

SistaWaZamu

Asante kwa kuuliza kabla ya kuuza. Kwa walio wengi hatuanzi na vidonge, tunaanza na yale tuliyozungumza juu huko. Chini ya miaka 12 dawa za sonona si mahali pa kuanzia kabisa. Kwa kijana mwenye sonona kali, daktari wa magonjwa ya akili anaweza kumwandikia fluoxetine, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa umri huo. Inachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wiki za mwanzo aangaliwe kwa karibu, maana kwa vijana wachache mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Marekani waliweka onyo hilo kwenye dawa zote za kundi hili tangu 2004. Na asiachishwe ghafla kwa sababu "amepona".

Diazepamu ya mtaani, hapana. Amitriptilini ya bibi ya maumivu ya mgongo, hapana. Mtoto akizidisha inagonga moyo. Dawa ya mafua ili alale, hapana. Wewe wa dukani una nafasi kubwa kuliko mimi: ukiona mama anarudi mara ya tatu na tumbo lile lile, mwandikie kwenye karatasi "kliniki ya afya ya akili" umpe.

MamaWawili

Nikija, siku ya kwanza mnamfanyaje? Baba yake anaogopa tutaandikiwa Mirembe.

SistaWaZamu

Mirembe ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na watoto wengi sana tunaowaona hawafiki huko maisha yao yote. Siku ya kwanza hakuna sindano wala kulazwa. Tunaongea na wewe, tunaongea na mtoto, wa miaka sita tunampa karatasi na rangi tunacheza. Nitakuuliza ujauzito ulikuwaje, alianza kuongea lini, nyumbani mnaishi na nani, nani katika ukoo aliwahi kuwa na hali hii. Baba aje. Akija baba tunamaliza kazi nusu ya muda, maana vinginevyo kila tunachokubaliana wewe unaenda kukipigania upya sebuleni.

Mwambie mtoto ukweli njiani: "Tunakwenda kwa mtu anayesaidia watoto ambao koo linabana shuleni." Usimwambie mnakwenda kununua soda.

MamaWawili

Kliniki ni siku gani?

SistaWaZamu

Kila hospitali ina siku zake, nyingi si kila siku. Kwetu ni Jumanne na Alhamisi, fika saa mbili, kaa upande wa kulia. Ukifika mapokezi sema "kliniki ya afya ya akili". Ukisema "kwa vichaa" mlinzi atakuelekeza, lakini baba yake atageuza pikipiki.